Barua ya wazi kwa wakubwa wa Chandigarh na New Delhi: nunueni na mazao mengine, Punjab inakauka

Kwa Mheshimiwa Waziri Kiongozi wa jimbo la Punjab, Chandigarh,
na kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo wa serikali kuu ya India, New Delhi.

YAH: Maji ya Punjab, mpunga, na ahadi yenu ya kununua mazao

Waheshimiwa, Sat Sri Akal, na salamu nyingi kutoka Mombasa.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyokulia, na kwa sababu barua nilizotuma kwa Kipunjabi na kwa Kiingereza kwenye ofisi ambazo sitazitaja hapa zilipokelewa, zikagongwa muhuri, zikaishia hapo. Emaili nazo zilirudisha lile jibu la mashine kwamba ombi lako limepokelewa. Tumesubiri sana. Sasa naongea hadharani, na atakayeweza kuwatafsiria naomba awatafsirie.

Kwa wasomaji wa huku watakaouliza kalasinga wa Mombasa ana shida gani na serikali ya India: sisi tuliletwa na reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua kama 32,000 kutoka India, wengi wao wa Punjab, kujenga reli ya kutoka Mombasa kwenda ziwani. Wengi walirudi, maelfu wakabaki, na ukiwahi kusimama Makindu ukala chakula cha bure pale gurdwara, hekalu la Masingasinga, basi umekula kwenye mikono yao. Lakini si wote katika ukoo walipanda meli. Baba mdogo wangu mpaka leo analima wilaya ya Jalandhar, shamba la ukoo pamoja na ekari chache za kukodi, na kipande cha hilo shamba bado kimeandikwa jina la babu yangu. Kwa hiyo nikisikia mnaongea juu ya mkulima wa Punjab kwenye taarifa ya habari, mnaongea juu ya watu wangu.

Kabla ya malalamiko naomba niseme la haki. Miaka ya 1960 India ilikuwa inakula ngano ya msaada kutoka Marekani, meli baada ya meli. Ikaja mbegu ya ngano fupi kutoka Mexico, kazi ya mtafiti Norman Borlaug, mwanasayansi M. S. Swaminathan akaipigania Delhi, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Ludhiana wakaifanyia kazi mpaka wakapata Kalyan Sona iliyokubali udongo wa kwetu. Bwawa la Bhakra lilikuwa tayari tangu 1963, na 1965 likaanzishwa shirika la chakula la taifa, FCI, likiwa na ahadi moja ya msingi, kwamba mkulima akivuna serikali itanunua kwa bei iliyotangazwa. Wazee wetu waliiamini ahadi hiyo. Jimbo lenye kama asilimia 1.5 tu ya ardhi ya India likawa ndilo linalojaza ghala la taifa. Na Mpunjabi kiasili si mtu wa wali, ni mtu wa roti za ngano na za mahindi na mboga ya haradali, lakini serikali ilipotaka mchele akalima mpunga pia, kutoka hekta laki mbili na kitu mwaka 1960 mpaka zaidi ya milioni 3 leo. Alifanya hivyo kwa sababu mlimwomba na mkamlipa. Tafadhali mlikumbuke hilo kila mnapomwita mkulima mkaidi.

Sasa malalamiko yenyewe.

1. Maji yanaisha, na takwimu ni zenu wenyewe.

Bodi yenu ya Maji ya Ardhini kwenye ripoti ya 2023 inasema Punjab inavuta karibu asilimia 164 ya maji yanayorudi ardhini kila mwaka. Kati ya bloku 153 (maeneo madogo ya utawala) zilizopimwa, 117 zimevutwa kupita kiasi. Jimbo lina visima vya pampu karibu milioni 1.4, karibu vyote vya umeme, na msimu wa mpunga vinanguruma kila siku kwa masaa yote ambayo umeme wa shamba upo.

Kwenye kona moja ya shamba letu mtu anaweza kuiona historia yote kwa macho. Kuna kisima cha matofali cha enzi ya babu, kile kilichokuwa kinazungushwa na ng'ombe, kimekauka zamani na watoto wamekatazwa kukikaribia. Hatua chache kutoka hapo kuna shimo refu ambalo walichimba ili waishushe pampu chini, kwa sababu pampu za wakati ule zilikuwa haziwezi kuvuta maji yakishakuwa mbali, na kila maji yaliposhuka shimo liliongezwa, mtu anashuka kwa kamba kwenda kufunga mkanda wa mota. Vijijini watu wamekufa kwenye mashimo ya namna hiyo, kwa hewa mbaya au kwa kufukiwa na udongo. Halafu pembeni kuna bomba la pampu ya kuzamisha, na hili nalo limeshachimbwa upya, sasa liko futi mia tatu na kitu. Kila mara ni mkopo. Maji yakishuka futi kumi mwenye hela anachimba tena, asiye na hela ananunua maji kwa jirani au anamkodishia jirani shamba lake.

Na mtu asinijibu kwa mafuriko ya 2025. Ni kweli Agosti na Septemba mito ya Sutlej, Beas na Ravi ilimwagika, wilaya zote 23 zikatangazwa kuathirika, watu wakafa, mpunga ukalala chini ya matope. Lakini yale maji mengi yalipita juu kwa juu. Shamba lililovurugwa kwa ajili ya mpunga mwaka baada ya mwaka linatengeneza tabaka gumu chini ya udongo, maji hayashuki kirahisi. Kwa hiyo mkulima yuleyule anafurika Septemba na Juni inayofuata anachimba kisima.

Upande wa Malwa, kusini, kuna shida nyingine juu ya hiyo. Maji ya visima vingi yamepimwa yakakutwa na urani kupita kiwango, dawa za wadudu zimemwagwa kule miaka na miaka, na ile treni ya kutoka Bathinda kwenda hospitali za Bikaner watu wameizoea kuiita treni ya kansa. Wataalamu bado wanabishana chanzo ni kipi hasa. Wagonjwa wenyewe hawana ubishi, wanakata tiketi.

2. Mnatangaza bei ya mazao 22, mnanunua mawili.

Hapa ndipo shina la yote lilipo na naomba nikae hapa kidogo. Kila mwaka Delhi inatangaza bei ya chini ya serikali kwa mazao 22: mahindi, choroko, mbaazi, dengu, haradali, alizeti, pamba, orodha ndefu. Ukiisoma gazetini unadhani mkulima wa Punjab ana uchaguzi. Lakini nenda mandi, yaani soko la nafaka, uone nani anakuja kununua. Kwenye ngano na mpunga serikali inanunua karibu kila gunia linaloletwa. Kwenye mahindi bei iliyotangazwa inabaki kwenye karatasi, mfanyabiashara anakuja na bei yake, na mkulima aliyekausha mahindi yake vizuri anaondoka na pesa pungufu ya ile mliyosema ndiyo ya chini kabisa. Choroko ni hivyo hivyo. Mwaka 2022 watu waliambiwa walime choroko itanunuliwa kwa bei ya serikali, wakalima, na sehemu kubwa ikaishia kwa wafanyabiashara kwa bei ya chini.

Pamba nayo mmeiona. Mwaka 2015 inzi weupe waliila, 2021 akaja funza wa pamba, mbegu bora hazikupatikana kwa wakati, fidia ikachelewa, na kufika 2024 eneo la pamba Punjab lilikuwa limebaki kama hekta laki moja tu. Wale wakulima wa Bathinda, Mansa na Fazilka walikwenda wapi? Walikwenda kwenye mpunga, kwenye ardhi ambayo haikuwahi kuwa ya mpunga.

Hata basmati, ambao unakula maji kidogo kuliko mpunga wa kawaida na unapendwa mpaka Muscat na Dubai kwa ndugu zetu wanaopika biriani, haumo kwenye bei ya serikali, unategemea soko la nje. Sasa Agosti 2023, mavuno yakiwa yanakaribia, Delhi ikaweka sharti kwamba basmati usisafirishwe chini ya dola 1,200 kwa tani. Mkashusha hadi 950, mkaja kuliondoa kabisa Septemba 2024. Mwenye kampuni kubwa anavumilia vitu kama hivyo. Mkulima aliyesikia ushauri wenu akaacha mpunga wa kawaida akahamia basmati yeye anaumia msimu huohuo.

Kwa hiyo mkulima anapiga hesabu. Huku kuna zao lenye mnunuzi wa uhakika, umeme wa bure na mbegu anayoijua. Kule kuna mazao yenye hotuba nzuri. Mimi ningelima mpunga. Na ninyi pia mngelima mpunga kama ada ya shule ya mtoto ingetoka humo.

3. Hata huo mpunga wenyewe sasa mnaununua kwa mateso.

Kabla ya msimu wa kupanda wa 2024 mlimwambia mkulima aache mbegu ya Pusa 44 kwa sababu inakaa shambani muda mrefu na inakunywa sana, achukue PR 126 inayokomaa haraka. Ushauri mzuri, na wengi waliufuata, baba mdogo mmoja wao. Kilichotokea sokoni Oktoba 2024 kila mtu alikiona. Maghala yalikuwa bado yamejaa mchele wa mwaka uliopita, wenye vinu wakagoma kupokea, na wakasema PR 126 inatoa mchele pungufu ya ile asilimia 67 ambayo serikali inadai kwao. Mpunga ukarundikwa mpaka barabarani.

Baba mdogo alilala juu ya turubai lake sokoni pamoja na watu wa kijiji. Asubuhi anakuja kijana na kimita cha unyevu, anakichomeka kwenye rundo, kiwango ni asilimia 17, kikisoma 18 unaambiwa ukaanike tena. Usiku umande unashuka, asubuhi kipimo kimepanda, unaanza upya. Baada ya siku kadhaa za hivyo anakuja mtu na kusema tunaweza kuuchukua wote leo lakini tukate kiasi kwa kila kilo 100, na risiti itaandikwa bei kamili ya serikali. Wengi walikubali, kwa sababu ngano ilitakiwa iwe ardhini kabla Novemba haijakatika. Sitaji soko wala kinu, maana hili halikuwa la soko moja. Nasema tu kwamba serikali ilimshauri mtu mbegu, halafu siku ya kununua haikusimama naye.

4. Moshi.

Hili mnalipenda kwa sababu linaonekana hadi Delhi. Naomba tukumbushane lilipotoka. Sheria ya 2009 ya kulinda maji ya ardhini ilimkataza mkulima kupandikiza mpunga kabla ya Juni 10, na ilikuwa sheria ya nia njema kabisa, maji ya Mei yanapotea bure na jua. Lakini ukichelewesha kupanda umechelewesha kuvuna, na kati ya mpunga kutoka na ngano kuingia zikabaki wiki tatu hivi, wakati mwingine pungufu, na jimbo zima lina karibu tani milioni 20 za mabua ya mpunga ambayo ng'ombe hawayapendi. Kiberiti ni rupia mbili. Mashine ya kuchanganya mabua na udongo ni laki kadhaa na inataka trekta kubwa.

Pamoja na hayo, moto uliohesabiwa na setilaiti kati ya Septemba 15 na Novemba 30 ulikuwa zaidi ya 71,000 mwaka 2021, na 2024 ukahesabiwa chini ya 11,000. Wapo wanaosema setilaiti inapita saa ambayo moto haujawashwa, sawa, lakini hata ukitoa hiyo mkulima amebadilika. Malipo yake yamekuwa faini zilizopandishwa maradufu Novemba 2024, mpaka rupia 30,000 kwa mwenye zaidi ya ekari tano, kesi polisi na alama nyekundu kwenye hati yake ya ardhi. Mabua ni tatizo linalozaliwa na mpunga, na mpunga unazaliwa na ununuzi wenu. Mnamshtaki mtu wa mwisho kwenye mnyororo.

5. Umeme wa bure.

Najua hili litaniletea matusi kutoka kwa ndugu zangu wenyewe, nitayapokea. Tangu 1997, ukiacha miaka michache ya katikati, umeme wa shambani Punjab ni bure, na tangu Julai 2022 kila nyumba inapata yuniti 300 za bure kwa mwezi. Ruzuku ya umeme yote kwa pamoja sasa ni karibu rupia bilioni 200 kwa mwaka, kwenye jimbo lenye deni la zaidi ya trilioni 3. Mwenye ekari 50 na pampu nne anafaidika kuliko mwenye ekari mbili, na asiye na ardhi hafaidiki na hiyo ya shamba kabisa. Siwaombi muukate. Mkiukata leo bila kumpa mkulima zao lingine lenye mnunuzi mtamuua. Naomba pesa hiyohiyo ipewe kazi nyingine, nitaeleza chini.

6. Vijana na viwanda.

Kwa mujibu wa karatasi ya washauri wa uchumi wa Waziri Mkuu wa India ya 2024, kipato cha mtu wa Punjab mwaka 1970 kilikuwa asilimia 169 ya wastani wa nchi nzima. Sasa ni kama asilimia 107. Haryana, ambayo tulikuwa jimbo moja mpaka Novemba 1966, imetuacha mbali. Sababu ni nyingi na si zote ni zenu: miaka ya machafuko ya 1980 hadi katikati ya 1990, kuwa mbali na bandari, na biashara na Pakistan kupitia mpaka wa Attari, iliyosimama tangu 2019. Lakini nyingine ni za maamuzi. Delhi ilitoa unafuu wa kodi kwa majimbo ya milimani kuanzia 2003, viwanda vikahamia Baddi ng'ambo ya mpaka wa jimbo, na Batala iliyokuwa inajulikana kwa kuyeyusha chuma imebaki na milango mingi iliyofungwa. Ludhiana bado inatengeneza baiskeli na sweta, Jalandhar mipira na vifaa vya michezo, mafundi hodari kabisa wapo, na mtoto wao anasomea IELTS, mtihani wa Kiingereza wa kwenda ng'ambo.

Ukizunguka Doaba, eneo la kwetu Jalandhar, unaziona nyumba kubwa za ghorofa zimefungwa kufuli, juu ya paa tangi la maji limejengwa kwa umbo la ndege. Pale Talhan, karibu na Jalandhar, vijana wanapeleka vindege vya plastiki gurdwara kuomba viza. Siwacheki hata kidogo, babu yangu naye aliondoka. Lakini Canada ilipobana viza za wanafunzi 2024 watu walikuwa wameshauza ardhi kulipia ada, na Februari 2025 ndege ya jeshi la Marekani ilishusha Amritsar watu 104 waliorudishwa, 30 wao wa Punjab, wapo walioeleza kwamba walilipa mawakala mamilioni ya rupia. Zile pesa zingejenga kiwanda kidogo cha kusindika mahindi kwenye kila tarafa.

7. Wale ambao hawamo kabisa kwenye hesabu.

Karibu theluthi moja ya watu wa Punjab ni wa jamii zilizoitwa za tabaka la chini, ndiyo asilimia kubwa kuliko jimbo lolote la India, na ardhi wanayomiliki ni ndogo mno. Sheria ya 1961 inawapa haki ya kukodi theluthi ya ardhi ya pamoja ya kijiji inayolimwa, na kila mwaka kuna vijiji ambako mnada unafanywa kwa ujanja, mtu wa kuwekwa anasimama badala yao. Wanaokodi mashamba nao, wanaolipa elfu sitini sabini kwa ekari kwa mwaka, fidia ya mafuriko inaenda kwa mwenye hati. Na vibarua kutoka Bihar wanaopandikiza mpunga wameinama Juni yote kwenye maji ya moto hawatajwi kwenye mpango wowote ule.

Sasa najua majibu yatakayokuja, nimeshayasikia.

Mtasema nchi inahitaji chakula. Ilihitaji, na Punjab iliilisha. Leo maghala yenu yamejaa mchele kupita kiwango cha akiba mlichojiwekea wenyewe, mpaka mamilioni ya tani za mchele wa FCI zimetengwa kutengenezea ethanoli ya kuchanganya na petroli. Tafadhali lifikirieni hili vizuri. Maji ya futi 300 yanavutwa kwa umeme wa ruzuku, yanatoa mchele wa ruzuku, mchele unageuzwa mafuta ya gari. Kila kilo ya mchele huo imekula maelfu ya lita.

Mtasema mkulima hataki kubadilika. Alibadilika 1966 kwa ngano, akabadilika kwa mpunga, akabadilisha mbegu 2024 mlipomwambia, na moto ameupunguza. Anabadilika kila akiona mnunuzi.

Chandigarh itasema hiyo ni kazi ya Delhi na Delhi itasema kilimo ni kazi ya jimbo. Tumeishi kwenye mpira huo miaka mingi. Delhi inazuia pesa za mfuko wa maendeleo vijijini unaotokana na tozo ya sokoni, jimbo linakwenda mahakamani, na barabara ya kutoka kijijini kwenda mandi inabaki mashimo. Mkulima hana uwezo wa kuwasuluhisha. Alikaa barabarani Singhu na Tikri, kwenye mpaka wa Delhi, mwaka mzima kuanzia Novemba 2020, baridi na joto, mpaka zile sheria tatu za biashara ya mazao zikafutwa, akakaa tena Shambhu na Khanauri, kwenye mpaka wa Haryana, kuanzia Februari 2024 akidai bei ya uhakika kisheria, akaondolewa na polisi Machi 2025.

Mtasema jambo ni jipya, linahitaji utafiti. Kamati ya Profesa S. S. Johl iliwaambia mwaka 1986 muondoe angalau asilimia 20 ya eneo kutoka kwenye ngano na mpunga. Wakati ule mpunga haukufika hekta milioni 2. Akaandika tena 2002. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa ripoti ya kwanza sasa ana watoto wake.

Na mtasema hela hakuna. Hela ipo kwenye bili ya umeme na kwenye gharama ya kuhifadhi mchele usiohitajika.

Ninachoomba, basi, na nakiomba kwa heshima yote:

Kwanza kabisa, ninyi wawili mkae meza moja mtie saini mkataba wa kununua, Punjab, kwa bei ya serikali, mahindi, choroko, mbaazi, alizeti na pamba, kwa muda usiopungua miaka mitano, na kiasi kitajwe kwa tani na kwa soko. Haryana walau imetangaza kununua mazao yake yote kwa bei hiyo na inalipa kwa ekari anayeacha mpunga. Zile rupia 17,500 kwa hekta ambazo jimbo lilianza kutoa 2025 kwa wanaohamia mahindi kwenye wilaya sita ni mwanzo, lakini ruzuku bila mnunuzi inakwisha ikiacha mtu na rundo la mahindi. Kama mkifanya hili moja peke yake na mengine yote mkayaacha, bado nitawashukuru.

Pili, mkulima alipwe kwa umeme asiotumia. Mlishalijaribu 2018 kwenye laini chache, mkulima aliwekewa mita, akapewa kiwango chake, na kila yuniti aliyookoa alilipwa rupia nne. Hakunyang'anywa kitu. Lipanueni, muanze na zile bloku 117.

Tatu, zile rupia 1,500 kwa ekari za anayepanda mpunga kwa mbegu moja kwa moja bila kuvuruga shamba ziongezwe na zilipwe msimu huohuo. Mifereji midogo mliyoifufua tumeiona, ahsanteni, endeleeni mpaka mikiani.

Nne, vinu, vikaushio na maghala ya mahindi na mafuta ya haradali vijengwe kwenye miji midogo, mikopo ipewe vikundi vya vijijini wakiwemo wasio na ardhi, na viwanda vya Ludhiana, Jalandhar na Batala vipewe unafuu uleule mliowapa majirani. Wanaokodi mashamba waandikishwe ili fidia iwafikie waliolima.

Mnaweza kusikia mkitaka. Ile sera ya kukusanya ardhi kwa ajili ya miji mipya mliyoitoa 2025 watu waliikataa, mahakama ikaisimamisha, na Agosti mkaifuta. Nawaomba usikivu huohuo kwenye maji.

Mbegu za mpunga zinaingia kitaluni Mei. Mkulima anaamua kabla ya hapo. Kwa hiyo naomba jibu la maandishi, lenye majina ya mazao, tani na tarehe, limfikie kabla ya Mei, na mlibandike kwenye kila mandi kwa Kipunjabi. Nakala ya barua hii inakwenda kwa vyama vya wakulima na kwa wabunge wote wa Punjab, na mwezi ujao nitaichapisha tena pamoja na jibu lenu, au bila jibu.

Wenu kwa heshima,

Mjukuu wa wakulima wa Doaba,
Mombasa, Kenya